Halmashauri ikitaka kufanya utafiti wa kuendeleza upya mtaa wenu, mdai nini kabla haujaanza?

#1 Mkazi wa Gerezani

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye mkutano wa mtaa diwani wetu ametuambia kuwa Baraza la Madiwani linafikiria kuajiri mtaalamu mshauri afanye utafiti wa kuendeleza upya mitaa yetu. Kata yetu iko ndani ya Jiji la Dar es Salaam, ile Ilala ya zamani. Michoro bado, fedha bado hazijatengwa, hoja iko kwenye kamati ya mipango miji. Mwenyekiti wa mtaa akatutuliza kwamba huu ni utafiti tu, hakuna atakayeguswa.

Mimi wasiwasi wangu unaanzia hapo hapo. Kwenye utafiti ndiko mpaka wa eneo unakochorwa, ndiko inakoamuliwa nani ni mdau, jengo lipi ni chakavu na kiwanja kipi kibebe ghorofa ngapi. Siku ya kuitwa kutazama michoro mnakuta yameshaamuliwa.

Sipingi mtaa kuendelezwa. Kwenye kona yetu chemba ya maji taka inafurika kila mvua ikikaza. Wauza mihogo wamepanga matofali ili mteja avuke, na yale maji meusi yanapita chini ya meza zao huku wanakaanga. Hali hiyo haifai kuachwa. Ninachouliza ni hiki: tudai nini SASA, kabla mshauri hajapatikana? Na kwa nini mipango ya namna hii Dar inakwama mara kwa mara?

#2 Dalali wa Msimbazi

Mkuu, wala usipoteze usingizi. Kabati za jiji zimejaa mipango. Kuna mpango kabambe wa 1949 wa Waingereza, wa 1968, wa 1979. Huo wa 1979 ulikuwa wa miaka 20, ukaisha muda wake mji ukaendelea kujijenga wenyewe hadi ulipokuja huu wa 2016 hadi 2036. Kariakoo, kitovu chetu cha biashara, haikusubiri mshauri. Mwenye kiwanja alimtafuta mwenye fedha, wakapandisha ghorofa.

#3 Fundi Sanifu

#2, na matokeo ya kutosubiri tuliyaona. Novemba 16, 2024 ghorofa lilianguka Mtaa wa Mchikichi na Congo, watu wakafa wengi. Iliripotiwa kuwa chini kulikuwa na kazi ya kuongeza nafasi za maduka. Waziri Mkuu akaunda timu ya watu 19 kukagua majengo ya Kariakoo. Na hata hivyo lile si la kwanza mjini. Machi 29, 2013 liliporomoka jengo la ghorofa 16 Mtaa wa Indira Gandhi, wakafa 36.

Mimi nasimamia ujenzi. Tatizo ninaloliona kila siku ni kwamba kila kiwanja kinatazamwa peke yake. Huyu anachimba msingi sentimita chache kutoka ukuta wa jirani, hana habari nguzo za jirani zinabeba ghorofa ngapi. Bomba la maji taka lililowekwa kwa ajili ya nyumba ya vyumba sita leo linapokea ghorofa nane zenye fremu (vyumba vya maduka) chini, stoo katikati na wapangaji juu. Kwa hiyo chemba ya mleta mada itafurika tu hata izibuliwe kila wiki. Kazi hiyo inahitaji mtaa mzima utazamwe kwa pamoja, ndiyo maana naunga mkono utafiti.

#4 Binti Kipata

Habari zenu. Swali dogo: huyo mshauri atahesabu nini, majengo au watu? Naishi chumba kimoja na watoto wawili kwenye nyumba ya urithi. Jina langu halipo kwenye hati, halipo kwenye leseni, halipo popote.

#5 Mkazi wa Gerezani

#4 dada, hilo ndilo limenileta hapa.

#6 Mzee wa Kota

Wanangu, someni ya Magomeni Kota. Wapangaji waliondolewa kwenye nyumba za zamani kuanzia 2011, wakaambiwa pajengwe upya. Uwanja ukakaa mtupu. Oktoba 2016 Rais Magufuli akaenda pale, akaagiza zijengwe nyumba na waliokuwepo warudi, wakae miaka mitano bila kodi. NHC, Shirika la Nyumba la Taifa, wakajenga, Rais Samia akazindua Machi 2022. Zaidi ya miaka 10 watu walikuwa wanapanga huku na kule, na wapo wazee waliotangulia mbele ya haki kabla ya kupata funguo.

Sasa jiulizeni kilichowarudisha ni nini. Walikuwa na orodha! Kila kaya ilijulikana kwa jina, na walishikana, walikwenda kudai pamoja. Wangetawanyika bila orodha, leo nani angemjua nani?

#7 Mchora Ramani

Mzee wangu #6 shikamoo. Sahihisho moja: zile nyumba zilijengwa na TBA, Wakala wa Majengo, si NHC. Kaya zilikuwa 644 na nyumba zikajengwa 644.

Hoja yako ya orodha naikubali kabisa. Nimesoma mipango miji Chuo Kikuu Ardhi, nikaingia mitaani kukusanya takwimu. Dodoso likiandikwa kwa ajili ya "mmiliki", unagonga mlango, unamkuta mpangaji, unaandika "mmiliki hayupo", unakwenda nyumba ya pili. Kaya tano za nyumba ile zinapotea hapo hapo mlangoni. Hakuna aliyewakusudia mabaya, ila karatasi haikuwa na mstari wao.

Kwa hiyo jibu langu kwa mleta mada: daini hadidu za rejea. Ni ile karatasi inayomwambia mshauri afanye nini, kwa muda gani, akabidhi nini. Ikishasainiwa, mshauri atafanya kilichoandikwa mle, basi. Kama mle hakuna neno wapangaji, ripoti haitakuwa na wapangaji.

#8 Mzee wa Kota

Marahaba. TBA, sawa.

#9 Mama Fremu

Na sisi wa fremu je? Maana mnasema wapangaji mnamaanisha wanaolala tu. Nimelipa kilemba, ile fedha ya kuingilia nje ya kodi, kwenye fremu yangu, kodi nalipa mwaka mzima kwa mkupuo. Mteja wangu anatoka Lubumbashi, mwingine Comoro, wanajua nipo mlango fulani pembeni ya duka la mikoba. Nikihamishwa mitaa mitatu tu, hanioni tena. Kilemba hakina risiti. Nikiambiwa nithibitishe, nathibitisha kwa nini?

#10 Dalali wa Msimbazi

#9 dada yangu, kilemba ni makubaliano yako na uliyempa. Ukiingiza serikali kwenye kilemba tutaanza kukilipia kodi sote, na wewe wa kwanza kulalamika utakuwa wewe.

#11 Mama Fremu

Wewe #10 ungesema hivyo kama kamisheni yako isingetoka kwenye hicho hicho kilemba?

#12 Dalali wa Msimbazi

Hahaha, hapo umenipata. Endeleeni.

#13 Wakili wa Mtaani

Nichangie upande wa sheria kwa ufupi. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaipa halmashauri mamlaka ya kupanga eneo lake, na inataka wadau waitwe mkutanoni. Hapo wananchi mna pa kusimamia. Ombeni kwa barua, kupitia serikali ya mtaa, mpewe tarehe ya mkutano huo na rasimu mapema. Mkutano wa wadau ambao wadau wanaiona rasimu ukumbini kwa mara ya kwanza hauwasaidii kitu.

La pili ni Sheria ya Unit Titles ya 2008, inayoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo. Watu wengi wa nyumba za urithi hawaijui. Familia yenye kiwanja inaweza kuingia ubia na mjenzi, kisha kila mrithi akapata hati ya sehemu yake, badala ya kugawana fedha na kutawanyika Chanika na Mbagala. NHC nao walizindua sera yao ya ubia Novemba 2022, na wana viwanja Kariakoo wanavyoviendeleza kwa njia hiyo.

#14 Mjukuu wa Narung'ombe

#13 kaka, kwa makaratasi ni rahisi. Nikupe ya kwetu. Babu aliacha nyumba ya Kiswahili, warithi ni watoto wa wake wawili, na sasa wajukuu. Alikuja mjenzi akataka ubia: yeye ajenge, akusanye kodi za fremu kwa miaka kadhaa, kisha jengo lirudi kwa familia. Mirathi ilikuwa haijafunguliwa. Baba mdogo akasaini, shangazi akaweka pingamizi. Jengo limesimama ghorofa ya pili, nondo zimeelekea juu zinaota kutu, bibi amehamia kwa binti yake Tabata. Mjenzi simtaji, na wala lawama zote si zake.

Kwa maoni yangu mipango inakwamia kwenye mirathi. Mshauri akija na mchoro wa kuunganisha viwanja vinne kuwa kimoja, hapo ana familia nne, warithi labda 60. Nani atawaweka meza moja?

#15 Fundi Sanifu

#14 pole sana. Ila hizo nondo zifunikwe, hata kwa zege jepesi au plastiki na rangi ya kuzuia kutu. Zikiachwa hivyo mkija kuendelea hazitafaa kuungwa.

#16 Mjukuu wa Narung'ombe

Asante fundi, nitalifikisha kwenye kikao cha familia.

#17 Mlipakodi

Mirathi ni sehemu tu. Mimi naona ni FEDHA. Halmashauri haina fedha ya kutekeleza, kwa hiyo inafanya utafiti ili ionekane inafanya kitu au ipate mfadhili. Kodi ya majengo zamani ilikuwa mapato ya halmashauri, ikapelekwa TRA, Mamlaka ya Mapato, sasa tunakatwa tukinunua umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya jengo la ghorofa. Ghorofa la Kariakoo lenye fremu za mamilioni linalipa kodi ndogo namna hii kwa mwezi, halafu tunauliza kwa nini bomba la maji taka ni la zamani?

#18 Mchora Ramani

Viwango hivyo ni vya 2021. Tangu Julai 2023 ni 1,500 na 7,500. Hoja yako haibadiliki lakini.

#19 Mlipakodi

Hata ingekuwa 20,000. Nenda Mtaa wa Congo uulize kodi ya fremu moja, kisha urudi.

#20 Kumbukumbu za Jiji

Wote mna sehemu ya ukweli, ila kuna jambo hamjalitaja: mwenye mpango habaki kuwepo. Halmashauri za miji zilifutwa 1972 na sera ya Madaraka Mikoani, zikarudi 1978. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ikavunjwa, ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja hadi 2000, tulipopata manispaa tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke. Baadaye zikaongezeka Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 Jiji likavunjwa tena, na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Kila badiliko mafaili yanahama ofisi, maofisa wanahamishwa, na mshauri aliyeajiriwa na chombo kimoja anakabidhi ripoti kwa chombo kingine ambacho hakikuiomba.

Nimefanya kazi masijala ya serikali za mitaa. Mpango haufi kwa kupingwa. Unakosa tu mtu wa kuuulizia.

#21 Kijana wa Ilala Bungoni

Jiji limevunjwa na mama, Rais Samia, si ndiyo?

#22 Kumbukumbu za Jiji

Hapana. Ilikuwa Februari 24, 2021, Rais Magufuli akiwa hai. Alifariki Machi 17.

#23 Mvuvi wa Kigamboni

Nawasalimu kutoka ng'ambo ya pantoni. Mwenyekiti anayesema "utafiti tu, haguswi mtu" aje kwetu. Mwaka 2008 Kigamboni ilitangazwa kuwa eneo la mpango wa mji mpya. Hakuna aliyevunjiwa siku ile. Tulizuiwa tu kuendeleza. Huwezi kuongeza chumba, ukiomba kibali hupati, benki ikisikia Kigamboni inarudisha karatasi zako, na mnunuzi anataka bei ya kutupa kwa sababu "serikali inakuja". Ukaundwa wakala wa kusimamia mji mpya, baadaye nao ukavunjwa. Watoto walizaliwa, wakaanza shule, baba zao wameshikilia tofali wasijue wajenge au wasijenge.

Kwa hiyo dai la kwanza liwe TAREHE YA MWISHO. Utafiti ukipita muda fulani bila uamuzi, zuio liondoke lenyewe. Mengine yafuate.

#24 Binti Kipata

Hili la #23 limeniingia. Mwenye nyumba wetu ameshasikia fununu, kasema choo hatengenezi tena kwa sababu "wanakuja kuvunja". Utafiti haujaanza na sisi tumeshaanza kuumia.

#25 Mkazi wa Gerezani

#23 na #24, nimeandika hili kwenye daftari. Je, kuna mahali palipofanywa utafiti wa namna hii vizuri? Mifano ya karibu, si ya Singapore.

#26 Mtu wa Kisimamajongoo

Yakhe, njooni Unguja. Ng'ambo, ile mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, wameijaribu njia zote mbili: kuvunja na kuuliza. Baada ya Mapinduzi wakaja wataalamu wa Ujerumani Mashariki na mpango wa 1968, zikavunjwa nyumba za makuti na udongo, yakajengwa majumba ya Michenzani, yale marefu yaliyopangwa kama treni njia panda. Yaliyojengwa ni sehemu ndogo ya yaliyopangwa. Watu walipata umeme na maji ndani, hilo siliondoi. Lakini bi mkubwa wangu alikuwa akisuka ukili barazani na majirani, kupelekwa ghorofa ya juu akawa hashuki siku nzima.

Baadaye ikaja Ng'ambo Tuitakayo, Idara ya Mipango Miji ya Zanzibar na wenzao wa Uholanzi. Waliingia mitaani kuuliza: wapi mnakaa jioni, wapi mnacheza bao, jengo gani mnalithamini. Wakaandika hata maskani na viwanja vya mpira. Mie nilihojiwa. Sasa kama yote yaliyoandikwa yanafuatwa, hilo suala jengine, na hapa kwetu watu wanabishana. Ila angalau kilichokuwepo kimeandikwa, na mtu akitaka kuvunja anajua anavunja nini.

#27 Dalali wa Msimbazi

#26 bao na baraza ni vitu vizuri, lakini Kariakoo ni biashara. Baraza la nyumba ya Narung'ombe leo ni fremu. Huwezi kumrudisha mtu kwenye kusuka ukili.

#28 Mtu wa Kisimamajongoo

Hajasema mtu arudishwe. Nimesema aulizwe.

#29 Shabiki wa Msimbazi

Wakati mnapanga mji, jengo la Simba pale Msimbazi lisiguswe, na la Yanga Jangwani lihamishwe, maana lile liko bondeni.

#30 Mwananchi Damu

#29 Jangwani tumezoea maji tangu wazee wetu, hatuhami. Rudini kwenye mada.

#31 Mswahili wa Tudor

Hamjambo ndugu wa bara Tanganyika. Huku Mombasa mfano wetu ni Buxton, nyumba za kaunti za tangu enzi za mkoloni. Wapangaji walipewa pesa za kwenda kupanga kwingine na ahadi ya kupewa kipaumbele kununua nyumba mpya. Kuna waliofurahi, kuna waliokwenda kortini. Swali lililowagawa watu lilikuwa kama mpangaji wa miaka 40, mwenye pensheni, ataweza kununua. Kipaumbele bila uwezo hakimfai mtu. Ulizeni mapema nyumba mpya itakuwa ya kupanga au ya kununua, na bei itapangwa kwa kipato cha nani.

#32 Mama Fremu

Na Machinga Complex mmeisahau? Pale Karume, jengo la wamachinga lililojengwa kwa mkopo wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ikafunguliwa 2010. Vizimba vya juu vilikaa vitupu kwa miaka, na wamachinga wako chini barabarani wanauza. Watu wakasema wamachinga wabishi. Ubishi gani? Mteja anayeshuka daladala akiwa na mfuko mkononi hapandi ghorofa ya tatu kutafuta soksi. Mshauri angesimama pale asubuhi moja tu akatazama watu wanapita wapi, angeona.

#33 Fundi Sanifu

#32 umesema jambo ambalo michoro mingi haina: mwendo wa watu na mizigo. Kariakoo mkokoteni na guta, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, ndizo zinazotoa mzigo dukani kupeleka kwenye mabasi na malori. Ukipanua barabara kwa ajili ya magari madogo ukaondoa njia ya guta, umekata biashara. Hadidu zidai zihesabiwe saa kwa saa, na usiku pia, kwa kuwa biashara ya saa 24 ilizinduliwa Februari 2025.

#34 Mlipakodi

Bado narudi kwenye fedha. Hesabu mikokoteni, hesabu wapangaji, hesabu mabao. Nani atalipia bomba?

#35 Mjukuu wa Narung'ombe

Na mimi narudi kwenye mirathi. Hata bomba likilipiwa, litapita kwenye kiwanja cha nani?

#36 Kumbukumbu za Jiji

Na baada ya uchaguzi unaofuata, nani atalikumbuka?

#37 Mkazi wa Gerezani

Nimewasoma wote, ahsanteni. Hatutamaliza ubishi wa chanzo, na barua yangu haiwezi kusubiri. Rasimu nitakayompelekea mwenyekiti wa mtaa ina mambo haya:

Tupewe nakala ya hadidu za rejea kabla ya mshauri kutafutwa. Ndani yake iandikwe kuwa kila kaya na kila biashara iorodheshwe kwa jina, awe mwenye nyumba au mpangaji, na orodha ibandikwe ofisi ya mtaa watu waikague. Utafiti uwe na tarehe ya mwisho, na wakati unaendelea ukarabati wa vyoo, paa na maji usizuiwe. Nyumba zenye mirathi ambayo haijafunguliwa zipewe msaada wa kisheria kabla ya mazungumzo ya ubia. Hali ya bomba la maji taka ichunguzwe kwanza na matokeo yatangazwe peke yake, yasisubiri ripoti nzima.

#4 na #9, mnaonaje: wapangaji wa vyumba na wa fremu tuwaweke orodha moja au mbili?

#38 Mama Fremu

Mbili. Madai yetu hayafanani. Na kwenye yetu ongeza sehemu ya mashahidi wawili wa jirani, kwa sisi tusio na risiti za kilemba.

#39 Binti Kipata

Kwangu moja. Mwenye genge mlangoni kwetu analala humo humo ndani, utamweka wapi?

#40 Wakili wa Mtaani

Fanyeni daftari moja lenye safu mbili, mtu aweze kuwekwa alama zote mbili. #37, kwenye barua weka nakala kwa Mkurugenzi wa Jiji na kwa diwani, na hakikisha nakala yako inagongwa mhuri wa kupokelewa masijala.

#41 Dalali wa Msimbazi

Ikifika siku ya kuandikisha niambieni. Mitaa ile nawajua wapangaji wote, hata wa vyumba vya uani. Nitakuja na kalamu yangu.